Hiyo hesabu ya 65 kwa 26 inamuonea mkulima mdogo

Kila bajeti ya kilimo ikikaribia hapa Dar kuna hesabu moja lazima irudi, utaisikia kwenye redio asubuhi, kwenye daladala, mpaka kijiweni: kilimo kinaajiri kama asilimia 65 ya Watanzania halafu kinachangia kama asilimia 26 tu ya pato la taifa. Ukichukua kalkuleta ukagawa, mtu wa nje ya kilimo anaonekana kuzalisha zaidi ya mara 5 ya mkulima. Baada ya hapo mtu anakimbilia hitimisho, wakulima wadogo wanapoteza muda, ardhi wapewe wawekezaji wakubwa, wao waje mjini watafute kazi ya maana.

Niwe mkweli, hoja hiyo ina miguu. Kuna utafiti wa Beegle, De Weerdt na Dercon uliofuatilia watu wa Kagera, walihojiwa mwanzoni mwa miaka ya 90 halafu 2004 wakatafutwa tena popote walipohamia, na ikaonekana kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia. Na hapo walilinganishwa na ndugu waliokuwa nao nyumba moja, sio watu baki. Kwa hiyo anayesema kijana akitoka kijijini maisha yanaweza kubadilika hasemi uongo, nusu ya mtaa wangu ni ushahidi.

Ila kusema kuhama kunamsaidia anayehama na kusema mkulima hazalishi ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapa ndo watu wanachanganya.

Hebu tuiangalie hiyo 65 yenyewe. Shangazi yangu yuko Kilosa, masika analima, ana heka tatu lakini hazijakaa pamoja, moja ya mpunga bondeni, mbili za mahindi kila moja upande wake. Wakishavuna anauza maandazi, siku za mnada anapeleka vitunguu. Akija mtu wa takwimu akamuuliza kazi yako nini atasema mkulima, na mwaka wake mzima unaandikwa kilimo, miezi ya maandazi imo humohumo. Sasa unagawa mavuno ya msimu kwa mtu wa mwaka mzima, unategemea nini? Mwaka 2017 mtafiti Ellen McCullough alichukua data za nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, akagawa kwa saa zilizofanywa kazi badala ya kugawa kwa kichwa, na lile pengo likapungua sana. Tatizo kubwa likaonekana ni kwamba mkulima anapata saa chache za kazi kwa mwaka, na saa anazopata hazina mavuno mabaya kama tunavyohubiriwa.

Halafu hata hizo saa zenyewe tunazipataje? Hapa kuna utafiti ambao mimi kila nikiukumbuka nashindwa kuuacha. Ulifanyika Mara, hapahapa kwetu, ukachapishwa 2018. Kaya zikagawanywa, wengine wakawa wanaulizwa kila wiki msimu mzima nani kafanya kazi shamba gani saa ngapi, wengine wakaulizwa mara moja tu msimu ukiisha, kama tafiti nyingi zinavyofanya. Wale wa kuulizwa mwishoni saa zao kwa kila mtu kwa kila shamba zikatoka kama mara 4 ya wale wa kila wiki. Mara 4! Msimu uleule, mkoa uleule, tofauti ni lini umeuliza. Na ukifikiria unaelewa, muulize shangazi mwezi wa nane kwamba palizi ya Aprili ulikaa shamba la bondeni siku ngapi, atakujibu kwa ile palizi iliyomchosha, siku za mvua alizobaki ndani na siku alizorudi saa nne asubuhi hazikumbuki.

Wasomi wakasema pia, na lazima nilitaje hili, kwamba ukijumlisha kaya nzima tofauti inapotea, maana watu walewale wanasahau baadhi ya mashamba na baadhi ya waliofanya kazi, kosa moja linafuta lingine. Lakini hilo linanipa wasiwasi zaidi, jumla imekaa vizuri kwa sababu ya makosa mawili yanayovutana, halafu sisi tunaichukua kumhukumu mtu mmoja mmoja kwamba ni mvivu.

Kwenye mavuno nako, hapo upande ninaoutetea umepigwa. Tangu mchumi Amartya Sen aandike kuhusu India 1962, watetezi wa mkulima mdogo wamekuwa wakisema shamba dogo linatoa zaidi kwa heka kuliko kubwa. Watafiti walipoenda Ethiopia na Uganda wakaacha kuuliza, wakakata kipande cha shamba wakapima mavuno kwenye mizani, ikaonekana wenye vishamba vidogo walikuwa wanakadiria juu na ule ushindi ukayeyuka. Sawa, tukubali. Kwetu mtu akikwambia nimevuna gunia nane hujui ni gunia la kawaida au lumbesa. Lakini kuyeyuka kwa ushindi wa mkulima mdogo hakumpi ushindi mkulima mkubwa, ina maana heka kwa heka wanakaribiana, na sisi kuhusu ukubwa tuna Kongwa, Waingereza 1947 walipanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3 na 1951 wakafunga, zaidi ya pauni milioni 30 zikazama.

Kinachobaki ni lile swali la kwa nini mkulima mdogo hatumii mbolea kama inalipa. Magharibi mwa Kenya Duflo, Kremer na Robinson walikuta nusu kijiko cha mbolea ya kukuzia kwa shina kinarudisha kwa wastani faida ya asilimia 36 kwa msimu, na bado wengi hawaweki. Uvivu? Wakajaribu kumfuata mkulima baada tu ya kuvuna, hela ikiwa mkononi, alipe sasa aletewe bure baadaye, na waliotumia mbolea wakaongezeka sawa na kama bei ingekatwa nusu wakati wa kuiweka. Ni suala la lini hela ipo. Na hela haikai kwa sababu mavuno yakitoka ada inadaiwa, mahindi yanauzwa palepale, miezi michache baadaye bei huko magharibi mwa Kenya inapanda asilimia 25 mpaka 40 na yuleyule ananunua. Morogoro nako watafiti walipima mbolea madukani wakakuta virutubisho vipo vizuri, ila wakulima wanaamini imechakachuliwa, kwa vile nyingine imeganda mabonge. Mtu mwenye heka tatu hawezi kuweka hela kwenye mfuko asiouamini, mimi pia nisingeweka.

Kwa hiyo vijana wanaotaka kuja Dar waje, sina ugomvi na hilo. Ila wizara ikisoma bajeti Mei, kabla ya kuangalia heka ngapi zimetengwa kwa mashamba makubwa nitatafuta vitu vitatu: mkulima anaweza kulipia mbolea mwezi wa saba anapouza mahindi au mpaka asubiri msimu wa kupanda, nani anapima mbolea ya dukani na kumwonyesha shangazi majibu, na ghala la Kilosa litampa mkopo wa kulipia ada bila kumlazimisha auze gunia zake wiki ya kwanza.