Mrija wa kaboni: udhaifu wake kwenye simu, nguvu yake mwaloni

Fundi simu mmoja wa Makoroboi, hapa Mwanza, alipaka penseli kwenye karatasi hadi ukatoka mstari mnene mweusi, akagusisha ncha mbili za mita. Namba zikacheza. Weusi ule ni grafaiti, kaboni iliyopangika matabaka, nayo hupitisha umeme.

Chukua tabaka moja tu, lenye unene wa atomu moja, ulikunje liwe mrija wenye upana wa nanomita 1 hivi (sehemu moja ya bilioni ya mita): hiyo ndiyo nanotyubu. Ajabu yake iko kwenye mkunjo. Kaboni ni ileile, lakini ukibadilisha kidogo pembe ya kukunjia, mrija uliopitisha umeme kama waya unakuwa semikondakta, yaani kitu ambacho umeme wake unaweza kuuruhusu au kuuzuia. Isipochaguliwa, karibu theluthi moja ya mirija hutoka na tabia ya metali.

Wanaotaka nanotyubu ichukue nafasi ya silikoni, inayotengenezea chipu za leo, wana hoja nzito. Ndani ya mrija mfupi elektroni hupita karibu bila kugonga kitu, na mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walionyesha prosesa ya transista (swichi ndogo za umeme) za nanotyubu zaidi ya 14,000 ikifanya kazi. Lakini chipu ya simu anayoifungua yule fundi ina mabilioni ya transista, na mrija mmoja wa metali ukiponyoka katika uchaguzi, transista yake haizimiki sawasawa. Sioni silikoni ikitoka mezani kwake karibuni.

Mimi matumaini yangu yako kwingine. Mrija wa tabaka moja hauna ndani ya kujifichia. Kila atomu yake iko juu, inaguswa na hewa. Molekuli za amonia zikitua kwenye mrija wa semikondakta, umeme unaopita hupungua, na hilo lilionyeshwa tangu mwaka 2000. Samaki anayeoza naye hutoa amonia na gesi za jamii yake. Pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki hapa Mwanza, mnunuzi humfunua sangara matamvua, akatazama wekundu, akanusa, kisha akataja bei. Pua yake ndiyo mizani, na mvuvi hana cha kumjibu nacho. Kihisi cha bei nafuu cha mirija hii, kinachopima gesi hizo, kingempa jibu.

Pingamizi ni la kweli pia: unyevu nao huugusa mrija uleule, na ziwani unyevu haukosekani. Kwa hiyo kihisi cha namna hii kijaribiwe mwaloni penyewe, alfajiri, wakati wa masika, kabla hakijaaminiwa. Kikisoma ukungu kuwa uvundo, mvuvi atauza sangara mbichi kwa bei ya aliyeoza.