Bolti mbili chini, nati tatu juu

Mtu akikwambia kazi ni bolti mbili chini, nati tatu juu, basi imeisha, mkimbie. Mi sikumkimbia kwa sababu aliyesema ni mimi mwenyewe, tena kwa sauti, mbele ya mke wangu na mbele ya fundi aliyekuwa ameshanitajia 120,000 ya kubadilisha shokapu zote nne, hapo spea nanunua mwenyewe. Laki na ishirini! Nikamwambia kaka, shokapu si ni bolti mbili chini nati tatu juu? Akacheka. Hakubisha, hakupunguza, kacheka tu akaendelea kutafuna muwa wake. Ningekuwa na akili ule mcheko ningeuelewa palepale.

Gari yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2002, ile ya macho ya mviringo, ina pua juu ya boneti na kibawa nyuma, turbo, gia za mkono. Niliinunua kwa mtu kipindi kile nina hela sina akili, sasa hivi mambo yamegeuka. Imetoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 250, na farasi wote hao 250 mi nawapeleka Kinyerezi kwa gia ya pili, barabara ya vumbi, nyuma ya bajaji iliyobeba makabati. Watu wanasema gari ya spoti. Spoti gani? Juzi nimepitwa na bata. Nimesimama napima tuta nilipite kwa upande gani, bata kapita na watoto wake sita, hata hakugeuka kuniangalia.

Halafu ukumbuke hizi Impreza zimeshinda Safari Rally pale Kenya, 1997 Colin McRae, 2000 Richard Burns, wakipita kwenye matope na mawe kama hawana akili nzuri. Yangu ni ukoo huohuo kabisa na imeshindwa na tuta la shule ya msingi.

Shokapu zilikuwa zimekufa, hilo sibishi. Gari ikiruka tuta haitui, inadunda, inadunda, unafika dukani bado inamalizia tuta la shuleni. Kwenye kona inalala kama boti ya Zanzibar siku ya kusi. Ukigusa breki pua inachimba chini. Tairi za nyuma zimeliwa mabaka mabaka, ukipitisha kiganja unasikia milima na mabonde. Ya mbele kushoto oili imetoka yote, imechuruzika ikagandana na vumbi ikawa kama ugali wa ulezi. Na kuna ule mtihani wa kubonyeza kona ya gari kwa nguvu halafu unaachia, shokapu nzima inapanda mara moja inatulia. Yangu nikabonyeza, nikaachia, nikaenda kunawa mikono, narudi bado inaitikia.

Mtaani kwetu wengi wanadhani shokapu ndo inabeba gari. Wala. Springi ndo inabeba, shokapu kazi yake ni kumwambia springi basi, tumekusikia, kaa. Ndani kuna oili na pistoni yenye vitundu vidogo, gari ikicheza oili inalazimishwa kupita kwenye vile vitundu kwa shida, ule mchezo wote unageuka joto, gari inatulia. Oili ikishatoka springi anabaki peke yake hana wa kumkataza, ndo unaona gari inakwenda imetingisha mabega kama iko kwenye taarabu.

Basi nikaenda Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea. Pale ukitamka neno shokapu wanatokea watu kumi na mbili, wote wanakuita bosi, wote duka lao ni hilo la pili hapo. Nilitaka zote nne mpya ila bei ilipotajwa nikasikia kama sauti inatoka mbali, tukakubaliana mbele mpya za boksi, nyuma mtumba wa Japani, zile zinazokuja kamili na springi yake na kofia yake. Mtumba kuupima unaangalia kama shokapu imevuja oili, nzima inakuwa kavu. Kijana kaleta ya kwanza, ina jasho la oili kama mtu anayekimbilia kazini Jumatatu. Nikamwambia hii hapana. Akaifuta na kitambaa, akaiweka chini ya kaunta, akatoa nyingine, nikaona ni ileile ina alama ileile ya rangi nyeupe. Nikamwambia mdogo wangu, hii tumeshaonana. Akasema bosi unajua spea wewe. Nikavimba kichwa nikasahau kuomba punguzo.

Jumamosi saa mbili asubuhi nimeshavaa ovaroli. Jeki, spana, dawa ya kutu, kila kitu kimepangwa kwenye mkeka. Nikaegesha gari nje ya geti maana uani ni kokoto jeki inazama, na hilo ndo kosa, kwa sababu nje ya geti pana hadhira. Kwanza kaja Mzee Reli. Huyu alistaafu reli, ndo jina limemkaa, na kaja na kiti chake cha plastiki na chupa ya chai, hajaitwa na mtu. Shikamoo mzee. Marahaba, endelea endelea, mimi naangalia tu. Mtu akisema naangalia tu jua una bosi. Wakafuata vijana wa bodaboda wanne, maana kijiwe siku hiyo kilikuwa baridi, halafu muuza mihogo akaona watu wamekusanyika akahamishia beseni lake hapohapo. Saa tatu kasoro tuna mji mdogo.

Nikapiga jeki, gari ikapanda, nikatoa tairi. Mzee Reli akasema kijana, ile tairi uliyotoa ilaze chini ya gari hapo ubavuni, jeki ikikusaliti gari itue kwenye tairi isitue kwako. Nakiri hilo la maana na nililifanya. Tatizo baada ya hapo alidhani nimemwajiri.

Zile bolti mbili za chini ni za spana namba 19, na ya juu yake kwa shokapu za mbele imekaa kiajabu, kichwa chake kimetengenezwa kama yai, ukiizungusha inasogeza tairi ilale ndani au ilale nje. Kwa hiyo kabla hujafungua unaweka alama ilikuwa imeelekea wapi. Mi nikaweka alama na rangi ya kucha ya Mama Junior, ile nyekundu ya sherehe, nikiwa sijaomba. Kumbukeni hiyo rangi, tutarudi kwake.

Nikaingiza boksi spana, nikavuta. Nikavuta tena. Nikaongeza bomba la mita moja kwenye mpini, nikaning'inia kabisa, nati imetulia pale pale, gari ndo inaanza kusogea. Mzee Reli bila kunyanyuka akasema weka jiwe tairi ya nyuma, kwenye reli bolti kama hiyo tulikuwa tunaipiga nyundo ya kilo saba. Bodaboda mmoja akasema anko hiyo inafunguliwa kinyume. Mwingine akasema hapana, choma moto. Muuza mihogo, naapa, akasema imwagiwe ndimu. Nikamwaga dawa ya kutu, nikanywa chai ya Mzee Reli, nikarudi nikapiga bomba teke moja la hasira na ikaachia na sauti ya kaaa! kama mlango wa kaburi. Watu wakapiga makofi. Mi huku dole gumba la mguu limebadilika rangi ila ningeliaje, nimeshapigiwa makofi.

Nati tatu za juu chini ya boneti hizo namba 12, hazina shida, zilitoka kwa heshima. Nikafungua kabolti kanakoshika mpira wa breki, shokapu ikatoka nzima na springi yake, nikaibeba juu kama kombe. Kumbe ndo tumefika kwenye somo lenyewe. Shokapu mpya ya boksi inakuja tupu, springi unatoa kwenye ile kuukuu, na springi haitaki utani. Ile imebeba kona ya gari ya tani moja na karibu kilo mia nne, iko pale imebanwa inasubiri mtu mjinga afungue nati ya katikati imwoneshe. Nimeshaona kwa macho yangu fundi kafunga springi kwa kamba ya manila na bismillahi. Mi nikasema hapana, nina watoto, nikaenda gereji ya jirani kuazima kibanio cha springi, wakanikodisha kwa 10,000 na kitambulisho changu cha taifa nikaacha. Yaani kibanio kina dhamana kubwa kuliko mkopo wa kikoba.

Unakaza upande huu kidogo, unakaza ule kidogo, springi inalia tik, tik. Nikasema watoto wote ndani! Watoto wakaingia ndani. Bodaboda wakasogea karibu. Nati ya katikati nayo ukiizungusha na chuma chake kinazunguka nayo, mnakwenda wote, mpaka ushike chuma kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, huku unazungusha nati kwa spana huku mguu umekanyaga springi huku jasho linaingia jichoni huku Mzee Reli anasimulia behewa lililoanguka zamani huko Kilosa. Ikatoka. Sikufa. Nikahamisha springi, nikafunga upya, nikapachika, nikakaza kila kitu, nimesimama kifua mbele, ndo naona kile kishikio cha mpira wa breki kimeangalia injini.

Kumbe zina kushoto na kulia. Imeandikwa. Imeandikwa kwenye shokapu, imeandikwa kwenye boksi, herufi kubwa kabisa, na boksi muuza mihogo kalikalia. Saa mbili za maisha yangu. Nikafungua zote, na ile nati ambayo asubuhi ilihitaji teke safari hii ilitoka kwa mkono, nadhani na yenyewe ilinionea huruma.

Za nyuma nilizipenda kwa kuwa ni kamili, hakuna mambo ya kibanio. Ila nati za juu ziko nyuma ya siti ya nyuma, lazima uing'oe yote, na chini ya siti ya familia yenye watoto pana dunia nyingine. Nimekuta maganda ya karanga ya kutosha kulishia mbuzi, gololi, soksi moja, barua ya shule ya kikao cha wazazi cha mwaka juzi (nilisema sijaipata, kumbe kweli sijaipata), na katikati ya siti na bodi, umejibana ubavuni, mwiko mkubwa wa pilau. Huu mwiko una historia. Ulipotea tangu tulivyotoka kwenye harusi Morogoro, na mwaka mzima mke wangu ana uhakika kauchukua wifi yake, yaani dada yangu, mpaka kwenye msiba juzi wamepeana mikono ya vidole viwili. Nikautikisa pale ulipokuwa. Ko ko ko. Nikatikisa tena. Ko ko ko. Ile ile ko ko ko ya nyuma kulia ambayo mafundi watatu tofauti wameniambia ni bushi, vile vipira vya kwenye maungio, na bushi nimebadilisha, mara mbili.

Nikampelekea Mama Junior mwiko, sijasema neno. Akauangalia, akaugeuza, akasema "Huu ulikuwa mchafu hivi?" akaingia nao ndani. Kesi imefungwa. Dada yangu mpaka leo hajapigiwa simu.

Saa kumi na mbili jioni nikamaliza. Imebaki washa moja ya bolti mkononi, sijui ya wapi, nimeiweka mfukoni na sitaki maswali. Nikawasha gari, nikaenda mpaka tuta la shuleni, nikapanda, nikashuka, tii, mara moja, imetulia! Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu mlinzi wa shule akasimama akanimulika tochi. Raha ile siwezi kuieleza, gari ina adabu, kona inapinda imenyooka, hakuna ko ko ko, nikajiona mimi na McRae tofauti yetu ni leseni tu.

Halafu nikaingia lami. Naenda moja kwa moja, barabara imenyooka, stelingi imelala kushoto kama mshale wa saa kwenye namba 11. Ukiinyoosha stelingi gari inamwendea muuza madafu. Nikarudi nikauliza ile alama yangu ya rangi ya kucha kwenye bolti iko wapi, mbona nilikaza kwa kukadiria nikidhani imefunikwa na grisi? Dogo mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono kwa furaha kabisa: "Anko zile bolti zilikuwa na uchafu mwekundu, nimekusafishia na petroli zote nne."

Bolti mbili kila upande, zote nne, zinang'aa kama meno ya tangazo. Jumatatu nimeenda alaimenti, kunyooshewa tairi, 40,000. Ukijumlisha na kibanio, dawa ya kutu, boksi spana ya jirani iliyopasuka, soda za hadhira na rangi ya kucha mpya ambayo sikuchagua mimi, hesabu nimeiacha njiani kwa makusudi. Fundi nimempita kijiweni kwake, katoa muwa mdomoni akauliza, bolti ngapi vile?

Na Jumamosi hii nimelala zangu, saa mbili asubuhi nasikia nje kiti cha plastiki kinaburuzwa. Nikachungulia dirishani. Mzee Reli kakaa palepale, chupa ya chai pembeni, muuza mihogo anawasha jiko lake, na Mzee anamuuliza Junior kwa sauti ya chini, ya kuulizia ratiba: "Baba kaamka? Maana leo nilisikia ni zamu ya breki."