Mashabiki wa Nebraska hawajakosa subira

Tangu Novemba 3, 1962, hakuna mechi ya nyumbani ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska iliyoanza tiketi zikiwa zimebaki. Ondoa msimu wa 2020, ambao korona iliwafungia mashabiki nje; huo hauhesabiwi. Septemba 2024 ilichezwa mechi ya 400 ya mfululizo huo, na wenyeji wakafungwa na Illinois katika muda wa nyongeza. Ndani ya kipindi hicho timu imetwaa ubingwa wa taifa mara 5, kisha ikaporomoka mpaka ikapitisha misimu 7, kuanzia 2017 hadi 2023, bila kucheza hata mechi moja ya mwaliko ya mwisho wa msimu, zile ambazo kwa kawaida ukishinda nusu tu ya michezo yako unaalikwa. Mwaka 2021 walishinda 3 na kupoteza 9. Tiketi ziliisha.

Naishika takwimu hii kwa sababu kila mkurugenzi wa michezo anapoondoka pale Lincoln, mji wa chuo hicho, wachambuzi wa Marekani hurudia hadithi ileile: mashabiki wa Nebraska wamedekezwa na miaka ya tisini, hawana subira, wanamtaka kila kocha awe Tom Osborne, aliyefundisha misimu 25 na kuondoka na ushindi wa mechi 255 na ubingwa mara 3. Eti kelele zao ndizo zinazoivuruga idara. Watu waliolipia kiingilio kwa zaidi ya miaka 60, wakivumilia misimu ambayo hata jirani angeona aibu kuisimulia, ndio wanaoitwa wakosa subira!

Hadithi hiyo ina mahali ilipoanzia, sikatai. Mwaka 2003 kocha Frank Solich alifukuzwa akiwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 3. Mwaka 2014 Bo Pelini naye alifukuzwa baada ya kushinda 9, kama alivyofanya au kuzidisha katika kila msimu wake. Mgeni akisikia hayo atauliza watu hawa wanataka nini zaidi. Lakini aulize pia ni nani aliyefukuza.

Solich alifukuzwa na mkurugenzi Steve Pederson, aliyesema hatakubali timu iteleze kuelekea uwastani. Kweli mwaka uliotangulia Solich alimaliza kwa ushindi 7 na vipigo 7, kwa hiyo hofu ilikuwepo. Ila tazama kilichofuata. Pederson alimleta Bill Callahan kutoka ligi ya kulipwa, na msimu wake wa kwanza, 2004, ukawa wa kwanza tangu 1961 kwa Nebraska kupoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Oktoba 2007 kibarua cha Pederson mwenyewe kikaota nyasi, akaitwa Osborne mzee aje kukaa kwenye kiti cha mkurugenzi na kutuliza nyumba.

Pelini alifukuzwa na Shawn Eichorst, mkurugenzi aliyemrithi Osborne. Hapa pana jambo ambalo watu wa Nebraska hawajalisahau na sidhani kama watalisahau. Pelini alikuwa ametoka kuifunga Iowa kwao. Siku mbili baadaye akatimuliwa, na Eichorst alipoulizwa na waandishi wa habari kuhusu ushindi huo, akajibu kwamba katika kupima mambo ilimbidi aangalie Iowa wako wapi. Maana yake ilikuwa wazi: kuifunga timu kama ile si kipimo. Nebraska haikuifunga Iowa tena mpaka 2022. Walifungwa mara 7 mfululizo. Eichorst alimweka kocha Mike Riley, akashinda mechi 19 na kupoteza 19 katika misimu 3, na Septemba 2017 Eichorst akafukuzwa siku chache baada ya Nebraska kufungwa nyumbani na Northern Illinois.

Pelini hakuwa malaika. Sauti yake akiwatukana mashabiki ilivuja na kusikika nchi nzima, na wapo waliofurahia aondoke. Mkurugenzi yeyote angekuwa na sababu ya kumtoa. Ninachosema ni kwamba aliyeamua, aliyechagua mrithi na aliyesaini malipo ya kuvunja mikataba hakuwa shabiki wa kiti cha juu kaskazini mwa uwanja. Na kuna jina ambalo halitajwi sana katika lawama hizi: Harvey Perlman, mkuu wa chuo kile cha Lincoln kuanzia 2001 hadi 2016. Pederson alikuja chini yake. Eichorst pia. Makocha na wakurugenzi walipita, aliyewaajiri wakurugenzi akabaki.

Sasa twende kwa Scott Frost, maana hapo ndipo utetezi wa viongozi una nguvu kuliko mahali pengine popote. Frost ni mtoto wa Wood River, Nebraska, na ndiye aliyeongoza mashambulizi ya timu ya ubingwa ya 1997. Mwaka 2017 alikuwa ametoka kuipeleka timu ya UCF, Chuo Kikuu cha Central Florida, msimu mzima bila kufungwa. Mashabiki walimtaka kwa sauti moja. Mkurugenzi mpya, Bill Moos, akawapa walichotaka, kwa mkataba wa miaka 7 na dola milioni 35. Kama ungefanya kura jimboni siku ile, nadhani Moos angeshinda kuliko gavana. Kwa hiyo viongozi wana haki ya kuuliza: tukiwasikiliza mnalia, tusipowasikiliza mnalia, tufanye nini?

Kumwajiri hakukuwa kosa. Kosa lilikuja Novemba 2019. Frost alikuwa ameshinda 4 na kupoteza 8 msimu wa kwanza, na wa pili ulikuwa unaelekea kulekule, ndipo Moos akamwongezea miaka 2, hadi 2026. Sababu iliyotolewa ni utulivu: vijana wa sekondari wanaoombwa kujiunga na timu wanataka kujua kocha atakuwepo. Ni sababu ya kweli katika mchezo ule, kila chuo kinaitumia. Lakini hakuna shabiki aliyeandamana kudai mkataba huo, na ndio uliokuja kugharimu.

Agosti 2022 Nebraska ilisafiri hadi Dublin kucheza na Northwestern. Ikiwa inaongoza 28-17 katika robo ya tatu, Frost akaagiza upigwe mpira mfupi wa kushtukiza, ili wachezaji wake wauwahi tena, badala ya kuupeleka mbali kwa wapinzani. Northwestern wakaudaka, wakafunga, wakageuza mechi, wakashinda 31-28. (Mashine za malipo zilikuwa zimekufa uwanjani siku hiyo na bia ikagawiwa bure; angalau waliosafiri walipata kitu.) Wiki 2 baadaye Georgia Southern wakaja Lincoln na kushinda 45-42, bao la mwisho likifungwa sekunde 36 kabla ya filimbi. Mpaka siku hiyo, Nebraska ilikuwa imefikisha pointi 35 au zaidi nyumbani mara 214 na kushinda zote 214. Kesho yake Frost akaondolewa, akiwa ameshinda 16 na kupoteza 31.

Malipo ya kuvunja mkataba yalikuwa dola milioni 15 hivi. Kama wangesubiri hadi Oktoba 1, yangeshuka kuwa milioni 7.5. Wiki 3 tu. Mkurugenzi wa wakati huo, Trev Alberts, ndiye aliyekuwa amejadiliana na Frost Novemba iliyotangulia ili tarehe hiyo iwekwe na mshahara upunguzwe, kwa hiyo alijua anachokilipia. Watetezi wake wanasema wachezaji walikuwa wamekata tamaa, kila siku ya kungoja ingekuwa mateso, na chuo kisichomtaka mtu hakipaswi kumweka kama mateka wa kalenda. Nalielewa hilo, na kibinadamu huenda alifanya sawa. Lakini ukigawanya, ni dola milioni 2.5 kwa wiki, kwa ajili ya kutomwona mtu pembeni ya uwanja. Shabiki aliyetoka kwenye mji wa wakulima magharibi ya jimbo, akaendesha gari saa 5 kwenda na 5 kurudi, akipiga hesabu hiyo akakasirika, mimi simwiti mkosa subira. Hakukasirika kwamba Frost aliondoka. Alikasirika kwamba hasara ilikuwa imeandikwa mapema, kwa wino wa viongozi, na hakuna kiongozi aliyekatwa hata senti.

Viongozi wana hoja nyingine ambazo mashabiki hawapendi kuzisikia. Nebraska ni jimbo la watu wasiofika milioni 2 na nusu; vipaji vingi hutoka mbali. Ilipohamia ligi ya vyuo ya Big Ten mwaka 2011 ilipata fedha lakini ikapoteza safari za Texas, ambako iliwahi kuvuna wachezaji. Zamani ilionekana kwenye televisheni wakati wengine hawaonekani. Leo kila timu inaonekana. Kuanzia Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Na idara ile, tofauti na nyingi nchini, kwa miaka mingi imejiendesha bila ruzuku ya chuo. Tena si kila kitu kimeanguka: Agosti 30, 2023, timu ya voliboli ya wanawake ilijaza uwanja wa mpira kwa watu 92,003. Aliyeweza kuandaa siku ile si mjinga wa kazi.

Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini Machi 2021 idara ilikutwa ikitafuta njia ya kuikwepa mechi ya Oklahoma, iliyopangwa kuadhimisha miaka 50 ya pambano lao kubwa la 1971. Walitaka nafasi ya mechi ya nyumbani ya kuingiza fedha. Kelele zikapigwa, mechi ikachezwa. Hapo mashabiki ndio waliokuwa na akili kuliko ofisi.

Nirudi kwenye tiketi, maana naona ndiko tatizo liliko. Mfululizo wa 1962 unasomwa kama uthibitisho wa mapenzi, na juu ya milango ya uwanja imeandikwa kwamba hapo wanapita mashabiki bora kuliko wote katika mpira wa vyuo. Lakini mteja anayelipa kila siku kabla ya kuonja, mpishi atamwogopa kwa lipi? Wakati wa Alberts mauzo yalipolegea, wafadhili waliombwa kununua tiketi zilizobaki na kuwapa vijana wasio na uwezo. Ni jambo jema kwa vijana hao. Pia liliwaficha viongozi ishara pekee ambayo shabiki anaweza kuituma. Na hata ishara hiyo inazidi kufifia, kwa sababu mkataba wa televisheni wa Big Ten ulioanza 2023 unazidi dola bilioni 7 kwa miaka 7, na fedha hiyo huingia iwe kiti kina mtu au hakina.

Kinachobaki mkononi mwa watu hawa ni kura, na hapa ndipo ninapowalaumu kidogo. Baraza la chuo kikuu cha Nebraska lina wajumbe 8 wenye kura, wanaochaguliwa na wananchi kwa vipindi vya miaka 6. Ni majimbo machache Marekani yenye utaratibu huo. Ghadhabu ile inayojaa redioni kila Jumatatu ingeelekezwa kwa mjumbe wa wilaya yako, angalau kuna mtu angelazimika kujibu nani aliyepitisha mkataba gani na kwa masharti yapi.

Alberts mwenyewe aliondoka Machi 2024 kwenda Texas A&M, miezi michache baada ya kuongezewa mkataba Nebraska. Mrithi wake, Troy Dannen, Oktoba 2025 alimwongezea kocha Matt Rhule miaka 2, hadi 2032, wakati Penn State, chuo alichosoma Rhule, kikitafuta kocha. Sababu iliyotajwa ni utulivu. Rhule amefanya zaidi ya Frost: mwaka 2024 alivunja ule ukame wa misimu 7 kwa kuifunga Boston College 20-15 kule New York, na huenda miaka hiyo anaistahili. Mimi ningemwambia amalize kwanza msimu uliokuwa mbele yake, halafu tuzungumze Januari.