Kabla ya kuzilaumu seli: homoni na tiba ya kukarabati mishipa ya damu

Katika mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi anaweza kuchomwa na mwiba wa sato asubuhi akaja kuligundua jeraha jioni, anapoona kandambili imelowa damu. Nyayo zake zimekufa ganzi, na mishipa midogo iliyopaswa kulisha jeraha hilo imeziba au imekakamaa. Wagonjwa wa aina hii ndio wanaopandishwa kilima cha Bugando, hospitalini, kidole kikiwa kimeshakuwa cheusi, na ndio waliotarajiwa kunufaika zaidi na tiba ya seli, yaani kudungwa seli zinazotegemewa kukarabati mishipa.

Matarajio hayo yana historia. Mwaka 1997 Takayuki Asahara na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba damu ya mtu mzima ina seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za utando wa ndani wa mishipa. Miaka 5 baadaye, watafiti wa Japani walidunga seli za uloto (uboho wa ndani ya mifupa) wa mgonjwa mwenyewe kwenye misuli ya miguu iliyokosa damu, na matokeo yakatia moyo. Lakini jaribio la JUVENTAS la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 160, lilipolinganisha seli na dawa bandia halikuona tofauti katika idadi ya waliokatwa miguu. Tangu hapo wataalamu wamegawanyika: wapo wanaosema seli zenyewe hazina uwezo huo, na wapo wanaosema seli zinanyimwa ishara za homoni ambazo seli hizo huzihitaji ili zifanye kazi.

Hoja ya kundi la pili ni nzito. Estrojeni, homoni ya kike, inaposhika kipokezi chake kwenye seli ya utando wa mshipa, huamsha mfululizo wa ishara unaoishia kwenye kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza mshipa. Kimeng'enya hicho kinahitajika pia ndani ya uloto ili seli changa ziachiliwe ziingie kwenye damu, kiasi kwamba panya waliozaliwa bila hicho hushindwa kuziachilia ipasavyo. Katika panya, estrojeni imeonekana kuongeza seli hizo na kusaidia mshipa uliochubuliwa kupata utando mpya.

Insulini hupita njia hiyo hiyo, na hapa ndipo suala linapowagusa wagonjwa wetu moja kwa moja. Ikishika kipokezi chake, insulini hutuma ishara kwa njia mbili: moja huleta oksidi ya nitriki, na nyingine huchochea, pamoja na mambo mengine, utoaji wa endothelini, ambayo huubana mshipa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, njia ya kwanza ndiyo hufifia zaidi, huku ya pili ikiendelea kusikia amri, hivyo kuongezeka kwa insulini mwilini peke yake hakurudishi uwiano uliopotea. Seli zinazochotwa kwenye uloto wa mgonjwa huyo zimeishi katika hali hiyo kwa miaka, na katika maabara huonekana kuwa chache, huzaliana kwa shida na hushindwa kushiriki vizuri katika kuunda mishipa. Daktari basi huchota seli zilizodhoofika, kisha huzirudisha katika mwili ule ule uliozidhoofisha.

Je, tuongeze homoni? Wanaopinga wana ushahidi mchungu mkononi. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake 16,608 waliofikia ukomo wa hedhi ulisitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa mchanganyiko wa homoni za kike, estrojeni na projestini, uliongeza kiharusi, kuganda kwa damu na saratani ya matiti. Erithropoietini, homoni ya figo inayoamsha uloto, ilisifiwa katika wanyama, lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa shambulio la moyo haikupunguza ukubwa wa jeraha la moyo, na katika jaribio la REVEAL la mwaka 2011 madhara yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa homoni hiyo. Homoni haiamrishi mguu peke yake, kwa maana husikika mwili mzima. Mwenye kisukari anayehitaji mishipa mipya mguuni ni yule yule ambaye mishipa mipya ikichipuka nyuma ya jicho inaweza kumpofusha.

Kuna pingamizi jingine ambalo kwangu ndilo gumu zaidi kulijibu. Kazi za maabara zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba nyingi ya seli zilizokuwa zikihesabiwa kuwa mbegu za mishipa ni za ukoo wa seli za damu, ambazo husaidia kwa kutoa kemikali za ishara lakini hazijengi ukuta wa mshipa. Kwa hiyo homoni inaweza kuzidisha hesabu ya seli bila mshipa hata mmoja kukarabatiwa.

Naegemea upande wa homoni, ila si kwa kuzimimina mwilini. Seli zinaweza kuandaliwa nje ya mwili, zikapewa ishara ya homoni katika chombo cha maabara kisha zikarudishwa. Na hali ya homoni ya mgonjwa inapaswa kuwa sehemu ya vigezo vya jaribio: sukari yake, ukomo wa hedhi, tezi ya shingo, hata dawa za presha zinazozuia anjiotensini, homoni inayobana mishipa. (Vidonge vinavyonadiwa mitandaoni kwa jina la seli shina havimo katika mjadala huu, maana seli hai haikai kwenye kidonge kikavu.)

Suala hili haliko mbali nasi, kwani Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Siku jaribio la seli za mishipa litakapoletwa Kanda ya Ziwa, ningependa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi 3, kiwe sharti la kuingia. Sharti hilo lina ubaya wake: litamfungia nje mama wa Ukerewe anayehifadhi insulini kwenye chungu cha maji kwa kukosa friji, na ambaye huenda mguu wake ndio ulio hatarini zaidi. Gharama ya kuiweka sawa sukari yake kwa miezi hiyo 3, pamoja na nauli ya kivuko, inapaswa kuandikwa kwenye bajeti ya mfadhili wa jaribio kabla ya sindano ya kwanza ya uloto.