Mechi Moja, Pointi Tatu

Usiku ule nilirudi nyumbani Kondele, mtaa wa Kisumu, nikaingia bila hodi wala salamu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ametoka Kakamega asubuhi na kuku wawili, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, akakaa sebuleni kunisubiri tule. Ingwe, yaani AFC Leopards, timu yake, walikuwa wametufunga sisi wa Gor Mahia. Nikampita, nikajifungia chumbani, nikalala na njaa. Yeye akala na watoto, alfajiri akapanda matatu akaenda zake.

Mke wangu aliniambia neno moja tu: "Umepoteza pointi tatu, hujafiwa."

Nimelibeba neno hilo hadi leo. Ligi Kuu yetu ya Kenya ina timu 18, kila moja inacheza mechi 34. Pointi zote ambazo timu inaweza kuvuna ni 102. Kwa tatu kati ya hizo, nilimnyima mgeni salamu, tena mgeni ambaye ndugu zangu walikwenda kwao kuposa.

Sisi wa K'Ogalo, ndiyo Gor Mahia, tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Tulitwaa ubingwa mwaka 1995, kisha tukakaa hadi 2013 ndipo tukaushika tena. Miaka 18! Mtoto aliyezaliwa siku za kombe lile alichukua kitambulisho kabla ya kuona lingine. Mwaka 2015 tukamaliza ligi nzima bila kufungwa hata mechi moja, na tukadhani mambo yamekwisha. Mwaka uliofuata klabu ya Tusker ikalichukua kombe. Na lile Kombe la Washindi la Afrika la 1987, ambalo wazee wa hapa husimulia mpaka macho yanalengwa na machozi, fainali yake hatukushinda mechi hata moja: 2-2 kule Tunis, 1-1 Nairobi, tukabeba kwa mabao ya ugenini, mawili yetu kwa moja lao. Furaha yetu kubwa kuliko zote ilitoka kwenye sare mbili.

Shemeji naye hajaona Ingwe wakitwaa ligi tangu 1998. Bado huvaa jezi yake ya bluu na nyeupe, bado hutafuta nauli ya kwenda uwanjani. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko shabiki anayejaa baraza zima wiki tuliyoshinda.

Kufungwa kunauma, na sitaki mtu ajifanye hakuumi. Ila nimekuja kuona kwamba ushindi ndio unaotuharibu zaidi. Tukifunga, tunasimanga. Tunampigia mtu simu saa sita za usiku kumcheka, tunataja kabila lake, tunataja mama yake. Maneno hayo hayafutiki kipenga kikilia. Na kijana aliyebeti pesa ya kodi, huyo hata mchezo hauoni tena. Bao la dakika ya 90 kwake ni mwenye nyumba anagonga mlango. Nawasihi vijana wa mtaa wangu: pesa ya nyumba isiingie uwanjani.

Debi hii, mechi ya K'Ogalo na Ingwe, inaitwa ya Mashemeji kwa sababu tumeoana. Wajaluo wa K'Ogalo na Waluhya wa Ingwe tuna wajukuu wamoja.

Nilikwenda Kakamega mwezi uliofuata, nikaomba radhi mbele ya baba mkwe. Shemeji akasema yalishapita. Debi ijayo atakuja tena kwangu, na safari hii nimemwambia aache kuku nyumbani. Samaki nitanunua mimi, asubuhi, kabla mpira haujaanza.