Haisikii, Lakini Inasikiliza

Mama aliishika rimoti kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni kama mtu anayetaka kupuliza moto, akabonyeza kitufe chenye alama ya maiki na kusema taratibu, kama anayemwagiza mtoto dukani: "Niwekee taarifa ya habari." Kiduara kikazunguka. Kwenye kioo yakatokea maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu, kisha video ya Mzungu anayeonyesha namna ya kubadilisha oili ya gari. Mama akarudia, safari hii kwa sauti ya juu. Likaja gari jingine. Akaiweka rimoti mezani, akanitazama.

"Baba, hii TV yako haisikii."

Tangu siku ile hilo neno halijanitoka. Kwetu, mtoto asiyesikia si kiziwi. Masikio anayo, tena makubwa, ila ukimtuma hatumiki. Sijaona mtu aliyekieleza kifaa hiki vizuri kuliko Mama, na nimesoma maelezo mengi ya wataalamu wa vifaa kabla ya kuandika haya.

Boksi lenyewe, lile la kuingizia intaneti kwenye runinga, alilileta mdogo wangu anayefanya kazi Dar, pamoja na spika ya kuongea nayo, ya duara, ukubwa wa kifuu cha nazi. Alikuja Novemba, fedha za korosho zimeshaanza kuingia. Kwa wasioijua Mtwara, msimu wa korosho ndio sikukuu yetu kubwa. Minada ikishaanza Oktoba na AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, zikianza kulipa wakulima, maduka ya vifaa vya umeme hapa mjini yanapanga runinga mpaka barazani. Watu wananunua bati, pikipiki, godoro, na siku hizi runinga ya ukutani na kiboksi chake. Kwa hiyo msinisome mkadhani haya ni malalamiko ya matajiri wa Masaki kule Dar. Hivi vitu vimeshafika Tandahimba, na vinakaa sebule moja na magunia ya korosho.

Niliwauliza wenzangu kijiweni Chikongola wanataka nini hasa kwenye hivi viboksi. Hakuna aliyetaja akili mnemba. Hakuna aliyetaja picha ya 4K. Wa kwanza alisema, "Mechi isigande." Wa pili akasema, "Iende na wakati." Huyu wa pili ana kidonda. Siku ya Simba na Yanga aliita watu nyumbani, akanunua soda, akafungua mechi kwa intaneti. Jirani yake ana dishi. Sasa picha ya intaneti huchelewa nyuma ya ile ya dishi, mara nyingi nusu dakika hivi, kwa kuwa lazima ikatwe vipande, itumwe, kisha ikusanywe tena upya ndani ya boksi. Kwake mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja wakati nyumba ya pili wameshalipuka kwa shangwe. Wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja kuhamia kwa jirani, soda mkononi.

Wa tatu alizungumzia malipo, na hapa nataka nikae kidogo. Netflix ilifunguliwa kwetu Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya 130. Tangu wakati huo huduma za namna hii zimekuja nyingi, na karibu zote zina tabia moja: zinataka kadi ya benki, kisha zinakukata kila mwezi tarehe ileile. Huo ni utaratibu wa mtu mwenye mshahara. Mkulima wa korosho wa Nanyamba anapata fedha nyingi mara moja kwa mwaka, halafu anashuka nazo pole pole mpaka kipindi cha kupulizia mikorosho dawa ya salfa, ambapo hata ya sukari inakuwa ya kuhesabu. Huyu mtu Novemba angeweza kulipia mwaka mzima bila kusita. Juni angeweza kulipia siku mbili, za wikiendi, kwa simu, kama anavyonunua umeme wa Luku. Kitu asichokiweza ni kukatwa kila tarehe 5. Na kadi hana, wala haitaki. King'amuzi analipia kwa simu, umeme kwa simu, hata mchango wa harusi ya binamu unamfuata kwenye simu. Mtu akileta boksi linalouelewa mwaka wa mkulima, atauza huku mpaka ashangae.

Halafu bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya kiwango cha HD hula mpaka GB 3 kwa saa, na ile ya kawaida mpaka GB 1. Filamu moja ya saa mbili basi ni GB 6 ukitaka picha safi. Wengi ninaowajua hapa hawana waifai ya nyumbani; wanawasha hotspoti ya simu, simu inachemka kama pasi, na bando la wiki linaisha kabla muuaji hajajulikana.

Ndiyo maana yule kijana wa pale sokoni anayejaza muvi kwenye flashi hajafunga duka. Unampa flashi, unachagua, unaondoka na muvi zako, na ukizirudia mara kumi hakuna anayekudai. Najua kuna suala la haki za wenye kazi zao hapo, silikwepi. Nasema tu kwamba yeye ameshajibu swali ambalo makampuni makubwa bado yanalizunguka: watu wanataka kitu kikiingia ndani ya nyumba kibaki.

Mei 2024 tulilionja hili kwa ukali. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani tarehe 4, mvua ikavunja barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, magari yakalala huku na huku. Tarehe 12, Jumapili, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na nchi nzima ikabaki na mtandao wa kukohoa. Kwa hiyo mwezi ule huku kusini tulikatiwa kote kuwili, nchi kavu na baharini. Wakati huo nilikuwa na boksi la zamani, si hili la mdogo wangu, nalo likageuka kifuniko cha meza. Lilikuwa halina hata wimbo mmoja tumboni.

Mama, ambaye kwao ni Newala, aliuliza swali ambalo mhandisi angelipa fedha kulisikia: "Kwani hii haina kisima?" Aliyewahi kuishi juu ya Uwanda wa Makonde anajua anachosema. Kule juu maji hayapandi kirahisi, kwa hiyo mtu akipata fedha za korosho anachimba kisima cha saruji uani, anaelekeza michirizi ya bati humo, na mvua ya masika inanywewa mpaka kiangazi. Hakuna mtu wa Newala mwenye akili timamu anayejenga nyumba ya kutegemea maji ya bomba peke yake. Sasa wahandisi wa California wametuuzia nyumba isiyo na kisima. Boksi linaweza kuteka usiku wa manane, bando likiwa la bei nafuu, likahifadhi, tukatazama kesho mtandao ukiwa umelala. Zipo programu zinazoruhusu hivyo kwenye simu. Kwenye boksi la runinga, ambalo ndilo familia nzima inalitazama, mara nyingi hakuna nafasi ya kuhifadhi hata filamu chache.

Nirudi kwenye maiki, maana huko ndiko hasa nilikokuwa naelekea.

Mitambo ya runinga ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar kwanza, tarehe 31 Desemba 2012, tulihitaji jina la kile kisanduku kipya. Tukakiita king'amuzi. Ni jina zuri sana: kitu kinachong'amua. Hiki cha sasa kina maiki, kina kamusi ya dunia nzima nyuma yake, na hakimng'amui Mama yangu. Amazon walianza kuuza spika yenye Alexa, msaidizi wao wa kuongea naye, huko Marekani Novemba 2014. Tangu hapo imejifunza Kijerumani, Kijapani, Kihispania, Kihindi, Kiarabu. Kiswahili bado. Na haiwezi kuwa ni kwa sababu haiwezekani, maana Google waliweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti Agosti 2017, na leo naweza kuiambia simu yangu ujumbe mzima ukaandikika, na programu za akili mnemba zinanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha baadhi ya watangazaji wetu. Simu ya mfukoni inajua. Boksi la ukutani, lenye jina la kampuni ileile, halijui.

Ninachoona ni kwamba hivi vifaa vilibuniwa kwa mtu ambaye sauti kwake ni starehe. Amelala kwenye kochi, mkono mmoja umeshika bakuli, anaona uvivu kubonyeza. Huyo akikosa sauti hapotezi kitu. Mama yangu amezaliwa mwaka ambao TANU ilizaliwa, 1954. Kusoma alijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 70, na Kiswahili anakisoma vizuri, kwa kidole. Lakini kioo cha boksi kinamwandikia Kiingereza, na herufi za kutafutia zimepangwa kwa namna ambayo hata mimi inanichosha: mshale kulia, kulia, chini, sawa, mshale kushoto, kushoto. Kuandika "taarifa" kwa rimoti ni kazi ya kutwa. Kwake yeye sauti ndio mlango wenyewe. Na mlango huo ndio waliousahau kuufungua.

Tena Kiswahili chenyewe kiwe cha kwetu pia. Kwa Mama mtoto ni "ntoto", na r na l ni mtu na ndugu yake, wanaazimana nguo. Nilimjaribishia kuandika kwa sauti kwenye simu yangu. Aliposema "redio" nikasikia "ledio", simu nayo ikaandika neno ambalo sijalijua mpaka leo. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mozilla wana mradi unaoitwa Common Voice, ambapo mtu yeyote anasoma sentensi za Kiswahili na sauti yake inatumika kufundishia mashine. Nimeshasoma zangu. Najipanga kumkalisha Mama naye asome, ingawa amesema anataka kujua kwanza atalipwa nini.

Watu wa mjini hucheka nikisema tunataka sauti ya Kiswahili kwenye muvi, kana kwamba ni ushamba. Wamesahau vibanda vya video na marehemu Lufufu, mtu aliyekuwa akizungumza juu ya filamu nzima ya Kichina au ya Kihindi, akiwapa waigizaji majina ya Kibongo na kuwasema pale wanapokosea. Watu walilipa kwa ajili yake, na filamu ilikuwa kisingizio. Hadi leo kwenye flashi za yule kijana wa sokoni zilizotafsiriwa ndizo zinazokwisha kwanza. Soko la sauti lilikuwepo hapa kabla hata hizo spika hazijaota.

Sasa lile la kusikiliza. Mdogo wangu alipoifunga spika alimweleza Mama kwamba inakaa macho muda wote ikingoja kuitwa jina, na ikiitwa hutuma sauti yako mbali, kwenye kompyuta za kampuni, ndipo jibu linarudi. Alidhani anamfurahisha. Mama akauliza, "Na sisi tukizungumza mambo yetu?" Swali hilo wameliuliza wengi kabla yake. Mwaka 2023 Amazon walikubali kulipa dola milioni 25 huko Marekani kumaliza madai kwamba walihifadhi sauti za watoto kupitia Alexa kinyume cha sheria. Na viboksi vya bei chee vya Android, ambavyo ndivyo hasa vinavyotufikia, vina balaa lao: Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu mtandao wa uhalifu wanaouita BADBOX 2.0, unaotumia maboksi ya namna hiyo, mengine yakiwa yameshawekewa programu hasidi kabla mteja hajayafungua. Mwezi uliofuata Google wakafungua kesi wakisema vifaa vilivyoambukizwa vinapita milioni 10. Boksi linakaa sebuleni kwako likionyesha mpira, huku linaazimisha intaneti yako kwa wezi. Bando lenyewe la kuunga kwa hotspoti.

Mimi bado nalitumia boksi, nisiwadanganye. Nimebadilisha nililoweza kubadilisha, nimezima maiki pale panapozimika, na mechi kubwa naenda kuzitazama kibandani kwa sababu nimechoka kusikia magoli ya jirani. Spika niliiacha juu ya kabati la vyombo kwa kuwa inapiga kaswida vizuri ikiunganishwa na simu, na Mama anazipenda.

Juzi nilirudi jioni nikakuta kaswida imekwama, inarudia kipande kilekile. Mama alikuwa amesimama mbele ya kabati, mkono kiunoni. "Zima," anaiambia. Kimya kidogo, kisha kipande kilekile. "Nimesema zima." Haikutikisika. Akapita nyuma ya kabati, akashika waya, akauvuta kutoka ukutani.

"Umeona?" akaniambia, akiuzungusha ule waya mkononi kama kamba ya mbuzi. "Sasa imesikia."