Bahari ikirudishwa shambani, mbawakawa nao wahesabiwe

Kule Essex, Uingereza, mwaka 1995 walitoboa tuta la bahari pale Tollesbury, makusudi kabisa, maji ya chumvi yakaingia kwenye hekta 21 za shamba ili kinamasi cha pwani kirudi, na 2015 ikawa zamu ya Wallasea, ambako walimwaga zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya reli ya London. Baada ya hapo swali ni lile lile, ndege wamerudi? Mimi nasema tuangalie pia chini, kwa mbawakawa wa ardhini, vile vidudu vyeusi vyenye mbio ambavyo vingi vyao huwinda usiku.

Wanaopinga kuwahesabu mbawakawa nawaelewa sana. Mtego wa kuwanasa ni kikombe cha plastiki kinafukiwa mpaka mdomo ulingane na ardhi, mdudu akipita anatumbukia, sasa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ikija inajaza kikombe na kazi yote imeenda na maji. Halafu kikombe kinapima mdudu anavyotembea, hakipimi wako wangapi, yaani penye majani mafupi watanaswa wengi na penye majani mazito wachache hata kama idadi ni sawa. Na kuwatambua kunataka mtaalamu akae na darubini siku nyingi, hiyo ni pesa, wakati ndege unamhesabu kwa macho.

Lakini jamani, ndege anaruka, leo yupo kesho hayupo. Mchukue mbawakawa aitwaye Dicheirotrichus gustavii, huyu siku za bamvua anabaki amejificha chini ya udongo, maji mafu, yaani siku bahari haipandi sana, yakifika ndo anatoka usiku kutafuta chakula, kwa hiyo anahitaji udongo wenye nyufa na matundu. Shamba lililolimwa kwa trekta miaka mingi udongo wake umeshindiliwa, maji hayapenyi vizuri, juu unaona kijani kumbe chini hakuna pa kujificha! Au Pogonus chalceus, wale wa sehemu zinazofunikwa na maji kila mara wana mbawa fupi, hawaruki, watafika kwa miguu au kwa kubebwa na maji, ila pale Guérande, Ufaransa, kwenye mashamba ya chumvi, hatua chache tu kutoka kwa hao wapo wenzao wenye mbawa ndefu, wanaoweza kuruka.

Kinachonikera ni ripoti zinazohesabu aina tu. Chumvi ikiingia mbawakawa wa shambani wanaondoka, orodha inaweza kufupika, mtu anaandika hasara wakati waliobaki ndo wale wa kwenye chumvi, na hao bara ni nadra kuwapata. Hata huku kwetu kwenye mikoko tunahesabu miche iliyopandwa, kilichorudi kwenye tope hatuulizi.

Mimi ningekubali mitego kila baada ya miaka michache, iwekwe siku za maji mafu, kinamasi kipya na cha zamani jirani usiku ule ule, halafu watafutwe wale wa chumvi tu.